Uzi: Rivolva za zamani, boksi zake na makaratasi yake – kukagua, kutunza, na sheria ya Uganda

KashaNaKaratasi (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Maswali ya rivolva za zamani yamekuwa mengi: Webley za enzi za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), Enfield, Smith & Wesson, Colt. Karibu kila anayeuliza anaulizia chuma, ilhali ughushi mwingi uko kwenye boksi na makaratasi. Boksi halina leseni, halina alama ya serikali, na printa yoyote nzuri ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, inaweza kutoa lebo ndani ya saa moja. Tuyaweke hapa yote kwa pamoja.

Boksi na bastola lazima vikubaliane katika mambo matatu: namba, mwaka na aina. Likikataa moja, hilo ni boksi tu lililokutana na bastola sokoni.

Namba kwanza. Geuza boksi. Smith & Wesson walikuwa wakiandika namba ya silaha kwa mkono chini ya kitako cha boksi, kwa penseli ya nta. Boksi nyingi za Colt nazo zina namba ya kuandikwa chini. Sasa tazama mchakao wake. Kitako husuguliwa pale kinapokalia rafu: pembeni na kwenye uvimbe wa katikati. Namba halisi imefifia hapohapo karatasi ilipochakaa, na imebaki nzito pale karatasi ilipobaki nzima. Ukikuta kitako kimechubuka lakini namba imekoza sawasawa kutoka tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, imeandikwa baada ya mchubuko.

Mwaka. Smith & Wesson walianza kuzipa rivolva zao namba za modeli mwaka 1957. Kabla ya hapo zilikuwa na majina tu, Military & Police, Combat Masterpiece na kadhalika. Kwa hiyo boksi lenye "Model 10" haliwezi kuwa lilizaliwa na bastola ya 1950. Anwani pia inasema: msimbo wa posta wa Marekani wenye tarakimu tano ulianza Julai 1963, hivyo kijitabu chenye "Springfield, Mass. 01101" ni cha baada ya hapo. Ukiona jina la Bangor Punta, hao waliinunua Smith & Wesson katikati ya miaka ya 1960. Kwa upande wa Colt angalia jina la kampuni: hadi 1947 ilikuwa Colt's Patent Fire Arms Mfg. Co., kisha Colt's Manufacturing Company, halafu mwaka 1955 jina la Patent Fire Arms likarudi. Kijitabu cha "Colt's Manufacturing Company" ndani ya boksi la Python (bastola iliyotoka 1955) kinahitaji maelezo.

Aina. Lebo ya ubavuni hutaja urefu wa mtutu na rangi. Lebo inasema inchi 6 bluu, bastola ni inchi 4 ya nikeli? Hapo hakuna mjadala. Kuna dogo ambalo waunganishaji hulisahau: bisibisi ndogo ya kurekebisha kilengeo cha nyuma ilienda na modeli zenye kilengeo kinachorekebishika. Ukiikuta kwenye boksi la Military & Police ya kilengeo kisichosogea, ujue mtu amejaza boksi kwa vitu alivyokuwa navyo. Vingine vya kutarajia ndani ni ufito wa kusafishia mtutu, brashi, karatasi ya kufungia ya kuzuia kutu, na kijitabu.

BinamuWaJinja:

Asante mkuu. Swali: kuna Webley Mark VI inatajwa kuwa "katika boksi lake halisi la KAR". Hilo boksi lilikuwaje? Lina namba wapi?

Mkaguzi_Busia:

Halipo, binamu. Silaha za jeshi hazikugawiwa kwenye boksi zuri la dukani. Zilisafirishwa kwa pamoja, zikaingia ghala la silaha, askari au afisa akapewa bastola, mkoba, kamba ya shingoni na risasi. Kinachoendana na rivolva ya jeshi ni mkoba wake, kamba, na rekodi. Anayekuonyesha boksi la kadibodi lenye lebo na herufi KAR amekuchapishia hadithi.

Boksi za Webley zipo, ila ni za biashara: bastola zilizouzwa kwa maafisa waliojinunulia, raia na polisi. Webley & Scott waliendelea kuuza Mark IV ya .38 miaka mingi baada ya vita, na hizo ndizo zenye boksi za kadibodi zinazokutwa. Hapa watu hujikwaa, kwa sababu kuna Mark IV mbili. Moja ni ya jeshi ya kaliba (upana wa risasi kwa inchi) .455, ya 1899. Nyingine ni ya .38, ndogo zaidi, ya karne ya 20. Boksi la ile ya .38 likiwekwa chini ya ile ya .455, muuzaji atasema "si imeandikwa Mark IV?" Soma kaliba, usisome Mark peke yake.

Mpangilio wa zile za .455 kwa kifupi: Mark I 1887, Mark IV 1899, Mark V 1913, Mark VI 1915. Mark VI unaitambua kwa mpini wa pembe nne na mtutu wa inchi 6. Za kabla yake zina mpini uliopinda kama mdomo wa ndege, na mtutu wa kawaida ni inchi 4. Mwaka umegongwa kwenye bodi. Namba isome kwenye bodi na kwenye silinda, zilingane.

Halafu geuza silinda uitazame kwa nyuma. Webley nyingi zilizopitia Marekani zilikatwa uso wa nyuma wa silinda ili ziingize risasi za .45 ACP kwa klipu za nusu mwezi. Dalili zake: uso wa nyuma una mistari ya mashine na umepoteza bluu (rangi ya kiwandani ya chuma), na pengo kati ya silinda na bodi ni kubwa kuliko inavyotakiwa. Thamani ya ukusanyaji inaanguka. Kibaya zaidi ni kwamba .45 ACP ya kiwandani ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Webley ilijengewa na kupimiwa. Silinda huvimba, bawaba na kufuli ya juu hulegea. Haipigwi hiyo, inawekwa tu.

Enfield No. 2 ya .38: Mark I iliidhinishwa 1932, ina nyundo yenye kidole. Mark I* ya 1938 nyundo yake haina kidole, inafyatuliwa kwa kuvuta tu. Mark I nyingi zilirudishwa karakana zikabadilishwa kuwa I*, kwa hiyo Mark I iliyobaki na nyundo yake ni adimu zaidi, na ndiyo maana watu hubandika nyundo ya kidole kwenye I*. Angalia alama ya modeli kwenye bodi: nyota ipo, au imesawazishwa kwa tupa? Kwenye mpini wa kulia kuna kisahani cha shaba cha kugongea alama za kikosi. Kisahani kitupu ni cha kawaida kabisa. Kisahani chenye "4 KAR" iliyong'aa ndani ya herufi wakati shaba iliyozunguka imekuwa kahawia, ni kazi ya mwaka huu.

Webley Mark IV ya vita ina maneno WAR FINISH yaliyogongwa kwenye bodi. Kiwanda kilitaka mnunuzi ajue kuwa ukali wa umaliziaji umeshuka kwa sababu ya vita. Chuma chenye mikwaruzo ya mashine pale ni halisi. Ukikuta WAR FINISH juu ya bluu inayong'aa kama kioo, imepakwa upya.

Afande_Mstaafu:

Kabla hamjaenda mbali. Uganda silaha zinaongozwa na Firearms Act ya 1970. Bila cheti huruhusiwi kununua, kumiliki wala kukaa na silaha, na kuingiza nchini kunahitaji kibali. Anayehusika ni Afisa Mkuu wa Leseni wa Polisi. Umri wa bastola usikudanganye. Ile habari ya "iliyotengenezwa kabla ya 1899 si silaha" ni ya sheria ya Marekani, inaishia kwao. Hapa ukikutwa na Webley ya 1887 isiyo na cheti, utakayemweleza habari za 1899 ni hakimu.

Silinda, mtutu na bodi msivichukulie kama vipuri vya pikipiki. Msiagize kipande chochote cha silaha kwa posta kwa kufikiri kwamba kipande si silaha. Mkoba, boksi, kijitabu, kamba, stakabadhi: hivyo ndivyo mkusanyaji asiye na cheti anaweza kujishughulisha navyo bila kuota jela.

Na kwa familia zinazofungua sanduku la marehemu na kukuta rivolva: usiibebe. Usipande nayo boda, usiifungue kuangalia kama ina risasi, usiipige picha ukaitupia WhatsApp. Iache ilipo, funga chumba, mjulishe mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na kituo cha polisi kilicho karibu, waje waichukue kwa kumbukumbu ya maandishi. Kabla hawajafika, tafuta makaratasi: cheti cha zamani, stakabadhi ya duka, barua ya kustaafu. Hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba mzee aliimiliki kihalali, na ndiyo yatakayoanzisha maombi ya mrithi kama anataka kuomba. Huyo wa KAR binamu anayemtaja, kama hana cheti cha silaha hiyo chenye namba ileile, maongezi yaishe hapo.

BinamuWaJinja:

Nimekuelewa afande. Basi chuma nakiacha. Nikitaka kukusanya makaratasi tu ya silaha za Uganda ya zamani, nitajuaje ya kweli?

KashaNaKaratasi:

Hapa ndipo penye utamu, na historia yetu wenyewe inakusaidia kuliko kitabu chochote cha bei kutoka nje.

Anza na Mkataba wa Brussels wa 1890. Ulizuia kuingiza silaha katika eneo la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa masharti: silaha ziwekwe kwenye maghala ya serikali, zisajiliwe, zitolewe kwa kibali. Uganda iko katikati ya eneo hilo. Ndiyo maana silaha ya raia hapa ilizaa makaratasi mengi tangu mwanzo.

Kisha pima kila karatasi kwa mambo haya.

Pesa: hapa ilitumika rupia hadi 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921. Stakabadhi ya duka la Kampala ya 1916 iliyojazwa kwa shilingi ina kasoro. Ila angalia: ankara ya duka la London ya mwaka huohuo itakuwa kwa pauni na shilingi za Kiingereza, na iko sawa.

Majina: Kenya iliitwa Kenya rasmi mwaka 1920, kabla yake ilikuwa East Africa Protectorate. Kibali cha kupitisha silaha Mombasa cha 1912 chenye "Kenya Colony" kimechapwa na mtu aliyelala darasani. Kichwa cha "Uganda Protectorate" kinaishia Oktoba 9, 1962. Ofisi za serikali ya kikoloni zilikuwa Entebbe, hivyo barua ya idara kutoka Entebbe isikushtue, ni ya Kampala ndiyo uiulize maswali.

Usafiri: reli ilifika Kisumu 1901, mzigo ukavuka ziwa kwa meli. Treni ya moja kwa moja kutoka pwani ilifika Kampala 1931. Hati ya mzigo ya 1908 isiyotaja meli wala bandari ya ziwa, jiulize mzigo uliruka vipi.

Kalamu: biro haikuuzwa Marekani kabla ya Oktoba 1945. Mwandiko wa biro kwenye cheti cha 1938 unaweza kuwa nyongeza ya baadaye, lakini ukiwa ndio mwandiko pekee, hapana.

FundiKaratasi:

Nyongeza ya vifaa. Unahitaji lenzi ya sonara ya mara 10 na tochi ya UV, ileile ya kukagulia noti. Basi.

Chumba kiwe giza, mulika karatasi. Karatasi za kisasa zina kemikali ya kuongeza weupe, zinang'aa buluu kali. Kemikali hiyo ilienea kwenye karatasi kuanzia takriban 1950. Cheti cha 1930 kinachong'aa kama shati la shule lililofuliwa kwa Omo si cha 1930. Kinyume chake hakithibitishi kitu: kutong'aa kunaweza kumaanisha tu kwamba mghushi amepata karatasi tupu ya zamani, mathalani ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Jihadhari pia na gundi na mkanda. Mulika pembe za boksi peke yake, kwa sababu ukarabati mdogo wa pembe si ughushi, ilimradi muuzaji aseme.

Sasa lenzi. Uchapaji wa herufi za chuma unabonyeza karatasi. Geuza nyuma, pitisha mwanga wa pembeni, utaona vivuli vya herufi, na wino umekusanyika ukingoni mwa kila herufi. Printa ya wino inaacha vinukta vya rangi nyingi vilivyotapakaa hata mahali unapodhani ni pekundu tupu. Printa ya leza inaacha unga uliokaa juu ya karatasi, unang'aa kidogo na ukingo una chembechembe. Lebo za zamani za rangi moja zina rangi moja kweli, si mchanganyiko wa vinukta.

Madoa nayo. Chai inayopakwa ili kuzeesha huingia sawasawa kote na huacha ukingo mweusi ilipokaukia. Uzee wa kweli huanzia kwenye kingo na mikunjo, palipopata hewa na mwanga, na katikati pale palipofunikwa na karatasi nyingine hubaki pa rangi nyepesi. Pini za stepla zenye kutu zinatakiwa ziwe na doa la kutu kwenye karatasi zote zilizogusana nazo, kwa umbo lilelile. Pini yenye kutu juu ya karatasi safi imehamishwa.

Kuondoa pini: usitumie kile king'oleo cha ofisini, kinapasua. Weka kipande cha plastiki nyembamba chini ya miguu ya pini, inua mguu mmoja mmoja kwa kisu kisicho na makali, kisha ivute kwa upande wa pili. Usiweke nyingine.

ZiwaEntebbe:

Dada Fundi umemaliza kukagua, mimi niingie kwenye kutunza, maana huku ziwani unyevu ndio adui.

Kosa kubwa ni kuweka bastola ndani ya boksi lake na kufunga miaka. Kwa picha inapendeza. Kwa kutunza, vyote viwili vinaumia. Kadibodi ya zamani ina asidi na inanyonya unyevu, inaushikisha kwenye chuma; mafuta ya bastola nayo yanaingia kwenye kadibodi na kuacha doa lisilotoka. Isitoshe, chuma kinataka kukavu, ilhali karatasi ikikauka mno inakuwa tete na kuvunjika kwenye mikunjo. Kwa karatasi lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Kwa chuma, chini ya hapo ni bora zaidi. Kutu hukimbia ikipita 60. Ukungu kwenye karatasi na ngozi huanza ukikaribia 70, na hapa Entebbe msimu wa Machi hadi Mei unaipita hiyo bila kuuliza. Kwa hiyo vitenganishe, kila kimoja na namba yake ya kumbukumbu. Bastola, kwa mwenye cheti, iko kwenye kabati lake la chuma lililofungwa kama masharti ya leseni yanavyotaka. Boksi na karatasi ziko kwenye chombo kingine.

Chombo: ndoo au sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko. Silika jeli gramu 20 kwa kila lita ya nafasi, yaani sanduku la lita 30 linataka gramu 600. Vile vipakiti vinavyotoka kwenye boksi za viatu havifui dafu. Nunua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani. Ile ya buluu ina kobalti, iache. Ikigeuka, irudishe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa tatu hivi, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Kwa karatasi usiitumie ikiwa kavu kabisa: iache kwanza chumbani wakati wa kiangazi, kipima unyevu kikiwa karibu 50, ndipo uifungie ndani. Hapo kazi yake inakuwa kushikilia kiwango hicho kisipande wala kushuka. Kipima unyevu kidogo cha betri kiwe ndani ya sanduku, si ukutani.

Mifuko ya plastiki: soma pembetatu. Namba 5 ni polipropileni, inafaa. Namba 3 ni PVC, mifuko ile minene yenye harufu ya pazia la bafuni. Inatoa asidi na mafuta, na wino unahamia kwenye plastiki. Laminesheni msithubutu. Cheti kilicholaminetiwa kimekufa kama kitu cha kukusanywa.

Ngozi: bastola haikai kwenye mkoba wa ngozi. Dawa za kutengenezea ngozi zinakula bluu, na shaba ya vifungo inatoa ule ukijani. Mkoba ujaze karatasi isiyo na asidi ushike umbo. Kasha la mbao ya mwaloni, hata likiwa la kiwanda na lina kitambaa cha kijani ndani, linatoa mvuke wa asidi. Usilifunge na chuma ndani kwa muda mrefu.

Chuma chenyewe: glavu za nitrili, futa, paka nta ya Renaissance nyembamba, ngoja kidogo, sugua kwa kitambaa cha pamba. Kwenye nikeli usitumie dawa ya mtutu yenye amonia. Nyingi zina tabaka la shaba chini ya nikeli, amonia ikipenya kwenye ufa inaila shaba na nikeli inamenyuka kama maganda.

Moroto_Kavu:

Huku Karamoja shida ni tofauti, vumbi na ukavu. Gundi ya pembe za boksi inakauka na kuachia. Hakuna haja ya silika kwa miezi mingi ya mwaka. Swali langu ni wadudu. Wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi chini ya lebo. Napulizia dawa gani?

FundiKaratasi:

Usipulizie chochote, dawa inaacha doa na harufu isiyoisha. Gandisha. Weka boksi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziba kwa mkanda. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki mbili nzima. Umeme ukikatika muda wa kutosha barafu kuanza kulegea, anza kuhesabu upya, kwa sababu baridi ya nusunusu huwapa mayai nafasi. Ukilitoa, usifungue mifuko mpaka ipite siku nzima. Ukifungua mapema, unyevu wa hewani utageuka matone juu ya kadibodi badala ya juu ya plastiki. Chuma na picha za zamani usivitie humo. Mchwa ni jambo jingine: masanduku yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta.

Moroto_Kavu:

Sawa dada. Halafu nina hoja kwa mleta uzi. Kuna ubaya gani kuweka bastola ya 1955 na boksi la 1955 la modeli ileile ambalo si lake? Wakusanyaji wa Marekani wanafanya kila siku.

KashaNaKaratasi:

Hakuna ubaya mpaka siku ya kuuza. Andika kwenye kadi, kwa penseli: "boksi la kipindi hicho, si la bastola hii." Kinachoharibu ni yule anayefuta namba ya zamani chini ya boksi na kuandika nyingine. Boksi tupu lenye namba halisi ni hati kamili kivyake. Kuna bastola mahali fulani inayolitafuta. Ukiifuta umeua mbili kwa faida ya moja. Ukitaka kujua kama imefutwa, lenzi itakuonyesha nyuzi za karatasi zilizoinuka na kupauka kwenye mstari wa namba, na chini ya UV sehemu iliyosuguliwa hutofautiana na jirani yake.

Mkaguzi_Busia:

Na barua ya kiwanda isichukuliwe kama msahafu. Smith & Wesson Historical Foundation wanatoa barua kwa malipo, na Colt nao wana idara ya kumbukumbu. Barua inasema bastola ya namba hii ilitoka kiwandani tarehe fulani, kwa umbo fulani, kwenda kwa mteja fulani. Haisemi kwamba boksi ulilonalo ndilo lililotoka nayo. Halafu Smith & Wesson hawakusafirisha kwa mfuatano wa namba: bastola ingekaa ghalani, namba ya juu ikatoka kabla ya ya chini. Boksi likitofautiana na makadirio ya vitabu kwa mwaka mmoja au miwili, usikimbilie kusema bandia.

Barua ina manufaa makubwa kwa Registered Magnum, rivolva ya Smith & Wesson ya 1935. Kila moja iliagizwa kwa matakwa ya mteja, ikagongwa REG na namba ya usajili mahali mkono wa silinda unapokalia bodi. Mnunuzi alirudisha fomu kiwandani ndipo akatumiwa cheti. Wasioirudisha hawakupata cheti, kwa hiyo bastola halisi isiyo na cheti ipo. Cheti bila bastola nacho kipo, na hicho ndicho kinachosafiri kutafuta ndoa.

Kwa Victory, rivolva za Smith & Wesson za wakati wa vita, zilizoletwa Uingereza: mtutu wa asili ni inchi 5, kaliba .38/200. Zilizokatwa mtutu au kuchimbwa silinda ziingie .38 Special ni nyingi. Ganda la .38 Special ni jembamba kuliko chumba cha .38/200, likipigwa linavimba na hata kupasuka. Namba zilinganishe chini ya mpini, nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Mtutu uliokatwa huwa pia umepoteza kilengeo cha mbele cha asili. Kilichopo kimeunganishwa kwa solda.

BinamuWaJinja:

La mwisho. Boksi tupu na vijitabu nikiagiza kutoka nje, forodha watanisumbua?

Afande_Mstaafu:

Watasimamisha, na wana haki, kwa sababu lebo imeandikwa revolver. Mwambie muuzaji aandike kwenye fomu ya posta maelezo kamili: boksi tupu la kadibodi, la mwaka fulani, halina silaha wala sehemu ya silaha. Asiandike "gun box" peke yake, na asiandike "zawadi". Mfuniko usibandikwe gundi, ufungwe kwa utepe wa karatasi ili afisa aufungue bila kuupasua. Muuzaji aondoe kila kitu cha chuma: skrubu za mpini, ganda la risasi la mapambo, hata risasi bandia. Ganda moja tupu kwenye kona ya boksi litakupeleka kueleza mambo ambayo hukupanga kueleza. Wewe uende na nakala ya ankara na picha za boksi likiwa wazi kabla halijafungwa. Bei iwe ya kweli, maana URA (mamlaka ya kodi) wanajua kutafuta mtandaoni.

FundiKaratasi:

Na muuzaji asijaze ndani magazeti yaliyokunjwa, wino wake unahamia. Karatasi nyeupe isiyo na maandishi, boksi la nje likizidi la ndani kwa sentimita 5 kila upande. Likifika, usilifungue siku hiyohiyo likitoka kwenye baridi ya ndege. Liache chumbani hadi kesho yake, kisha mfuko wa plastiki na friza kama nilivyomweleza wa Moroto, ndipo likae na mengine.